Pumzi Iliyotoka Beni

Débora alikuwa na sauti nzuri na kifua kibaya, na kazi yake ilikuwa ya kusema kutwa nzima. Alikuwa mpiga phonie, ile redio ya kuitana mji kwa mji, pale Vulamba, mjini Butembo, ndani ya kibanda cha mbao kilichoegemea depo la kahawa la Papa Phinées. Tangu vita vya pili vya huku kwetu vianze, barua zilikuwa hazifiki na simu ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mtu akitaka kujua kama mama yake aliye Beni, Kamango au Kanyabayonga yu hai, alikuja kukaa kwenye benchi la Débora, akangoja redio ile iliyokula betri ya gari impatie jibu.

Kwenye benchi hilo hakukuwa na siri. Sauti ilitoka kwenye spika, na mke akimgombeza mume wake aliye Beni, wote waliokaa pale waliangalia miguu yao wakajifanya viziwi. Nusu yao walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo. Jambo moja tu halikutoka kwenye spika, nalo ni kifo. Habari ya kifo ikifika, mpiga phonie humwambia mwenzake, "Vala casque." Basi mwenzake huchukua vile vikombe viwili vya masikioni, spika hunyamaza, na habari humwingia yeye peke yake. Wapiga phonie wengine walioko kwenye mawimbi yale yale huzima spika zao pia, bila kuombwa. Baadaye hutafutwa shemasi, au mtu wa msikitini, naye ndiye huenda hadi nyumbani kwa mfiwa. Mtu hatakiwi kuambiwa na sanduku kwamba amefiwa.

Lakini watu si wajinga. Mkono wa Débora ulipoelekea tu kwenye msumari ilikotundikwa casque, benchi zima lilinyamaza, kila mmoja akiwapitia wake moyoni. Halafu alikuwapo mmoja, hakosekani, aliyeuliza kwa sauti ndogo, "Iko ya nani?"

Mwaka wa kwanza Débora alilia pamoja nao. Mwaka wa pili alingoja afike nyumbani ndipo alie. Sasa hakukumbuka mara ya mwisho. Majina yaliingia sikioni yakaenda kukaa mahali fulani ndani yake, pasipo na mlango wa kutokea, na yeye aliendelea kuita anayefuata. Alikuwa amekufa ganzi, na tusimlaumu, maana bila ganzi kazi ile haifanywi na binadamu. Kwao walisema ana moyo wa jiwe. Jiwe gani hilo linalopiga mbio usiku kucha?

Kilichokataa kufa ganzi ni kifua. Pumu alizaliwa nayo, woga uliletwa na vita. Muuguzi mmoja aliwahi kumwambia kwamba hayo mawili ni mtu na dada yake, mmoja akiingia mwingine yuko mlangoni. Taabu ni kwamba Débora hakujua tena ni yupi anayebisha hodi. Kifua kikibana, alijiuliza kama ni vumbi la maganda ya kahawa kutoka depo, au ni lori fulani lililochelewa, au si kitu chochote, na kule kujiuliza kulizidi kukibana. Mkono wake ulizoea kwenda mfukoni kugusa pompe, ile ndogo ya buluu ya kupuliza mdomoni. Aliigusa kanisani, aliigusa sokoni, aliigusa akila fufu. Hamadi ni iliyo kibindoni na silaha ni iliyo mkononi, ndivyo tulivyofundishwa. Hatukufundishwa la kufanya silaha inapokuwa tupu.

Maana ilikuwa inakwisha. Aliitikisa karibu na sikio akasikia wepesi wake. Butembo nzima hakukuwa na nyingine. Njia ya mpakani ilikuwa imefungwa, na maduka ya dawa yalikuwa na dawa za kichwa na maneno ya pole. Papa Phinées, mwajiri wake, hakuambiwa. Alikuwa mtu mwema, shemasi, lakini aliamini kwamba mfanyakazi mgonjwa apumzishwe kwao moja kwa moja, na wadogo zake Débora walikuwa wanasoma kwa kazi hiyo. Akaficha. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha pumu ni filimbi.

Aliyeisikia filimbi alikuwa Lukumani, mpiga phonie wa Beni. Hawakuwahi kuonana. Débora alimjua kwa kikohozi chake cha asubuhi, kwa adhana iliyosikika nyuma yake, na kwa jinsi alivyomwita dada.

"Débora, hii filimbi iko ya redio ao iko ya kifua? À vous," aliuliza siku moja, akimalizia kwa neno lao la kumpa mwenzake zamu ya kusema.

"Ya redio. À vous."

"Hapana nidanganya, dada. Redio hainaka kifua. Pompe yako ingali?"

"Iko naisha."

Lukumani akasema kwamba dawa zile bado huvuka kutoka Uganda kwa njia za panya, na wachuuzi wa Kamango, naye ataitafuta leo hii. Kesho Lukman, mdogo wake waliyekaribiana naye hata kwa jina, atapanda Butembo na Fuso yake ya mafuta ya mawese. "Yeye atakuletea. Itafika. Wewe pumua polepole tu."

Lukman alijulikana Vulamba yote. Alikuwa dereva mnene, mcheshi, na kila alipoingia mjini alipiga honi mbele ya kibanda kabla hata ya kushusha mzigo. Honi hiyo ilikuwa kazi kwa Débora: alipaswa kuita Beni na kusema neno moja, "Amefika." Kule Beni, kila siku ya safari, Safi, mke wa Lukman, alikaa kwenye benchi la Lukumani akilingojea neno hilo, kama walivyofanya wake wote wa madereva. Akilisikia, alisimama, akakung'uta kitenge chake, akaenda kupika.

Asubuhi yake Lukumani aliita mapema. "Ameondoka. Dawa iko mu mufuko ya shati yake. Nilimuambia asiitie mu sanduku ya gari, bataiiba."

Débora akaanza kungoja huku akifanya kazi, na kungoja kwa mtu wa aina yake ni kazi ya pili. Alipokea ujumbe wa harusi. Alipokea ujumbe wa mbuzi aliyepotea. Asubuhi ikaisha na honi haikulia. Jua lilipopita utosini kifua kilianza kukaza taratibu. Akageukia ukutani, akajipulizia, na pompe ikatoa upepo mtupu.

Wa kwanza kutokea hakuwa Lukman. Alikuwa Kitsa, mchuuzi wa mawese, aliyezoea kusafiri kwenye kabini ya Fuso ile. Alikuwa na kiatu kimoja, na kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amelowa mafuta mekundu. Watu wa benchi walimpisha. Papa Phinées alitoka depo akifuta mikono.

"Batu ya bunduki banatupiga kwa kona, tulikuwa karibu kufika," Kitsa alisema. Walikuwa kina nani? Siku hizo kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu yote hayakumrudisha mtu. "Lukman banamuua. Pale pale kwa usukani. Tulimuleta na gari ingine, iko pa mosquée, kwa imamu."

"Na pompe?" Débora akauliza.

Neno lilitoka kabla hajajua kwamba analo. Kitsa alimtazama. Benchi lote lilimtazama. Débora aliingoja aibu ije, kama inavyomjia mtu yeyote mwenye wazazi, wala haikuja. Kulikuwa na kifua tu. Alijiona kutoka mbali, msichana wa watu anayeuliza habari ya dawa kabla ya habari ya marehemu, akamchukia, lakini hata chuki hiyo ilikuwa baridi.

Kitsa alifungua kiganja. Ilikuwa hapo, mpya, ya buluu, imezungushiwa kipande cha karatasi kilichoandikwa jina lake.

"Ni hii inanileta," alisema. "Banamutosha shati juu ya kumuosha, baliikuta mule. Imamu anasema, ya mugonjwa isilale kwetu. Anasema tena batamuzika mbele jua itue. Donc bandugu ya Beni bajue sasa hivi, baseme kama azikwe huku ao namna gani."

Débora hakuipokea. Kuna msemo, kufa kufaana, na watu huusema wakicheka, wakijaribu makoti ya marehemu. Yeye aliona kwamba akiivuta dawa ile atakuwa amekubali bei yake. Akarudisha mikono nyuma, na hapo hapo kifua kikafungika. Mabega yakapanda. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Acha, mwana wangu," Papa Phinées akasema kwa huruma. "Nitaita mimi."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Papa Phinées aliinunua redio lakini hakuwahi kuizoea. Kwake phonie ilikuwa mlima, na mtu akisema na mlima hupiga kelele. Alishika kipaza sauti, akabonyeza, akaanza, "Beni! Beni! Hapa Butembo! Kuko matata kwa njia—"

Débora alimpokonya. Alimpokonya mzee, shemasi, mbele za watu. Alikuwa akiliona benchi la Beni ambalo hakuwahi kuliona, na Safi amekaa juu yake, na sanduku likimpigia kelele usoni. Akabonyeza ili aseme. Mdomo ulifunguka, ikatoka filimbi peke yake.

"Débora?" Lukumani aliita. "Iko wewe? Nasikia kifua. Papa alikuwa nasema nini? Dawa haiyafika? À vous."

Kabla hajajaribu tena, mawimbi yakaingiliwa na Élisée wa Kanyabayonga, mtu asiyejua kuweka neno mdomoni hata dakika. "Butembo, huku batu banasema gari moja ya Beni inapata shida, ni kweli? À vous."

Mwingine mmoja wa namna hiyo, na Safi angesikia kila kitu. Débora alinyoosha mkono akaichukua pompe kutoka kwenye kiganja cha Kitsa. Ilikuwa na mafuta upande mmoja, akaipangusa kwenye sketi bila kuangalia kama ni mafuta tu. Akaitikisa. Akavuta, akashikilia, akaachia, akavuta tena.

Hewa ikaingia. Iliingia vizuri, ikashuka hadi chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa siku nyingi, na katika yote aliyoyasikia kwenye kibanda kile hakuna kilichowahi kumuuma kama utamu ule. Akashika kipaza sauti.

"Kanyabayonga, funga mudomo kwanza, pardon. Beni, Beni, hapa Butembo. Nakusikia muzuri. À vous."

"Alhamdulillahi! Sauti inarudia! Donc dawa imefika?"

"Imefika."

Nyuma ya Lukumani mwanamke alicheka, cheko la mtu aliyekuwa amezuia pumzi tangu asubuhi. "Unamusikia Safi?" Lukumani akasema. "Anasema, kama dawa imefika, na mwenye kuileta amefika. Ye aliisha kusimama, anaenda kupika. Anasema umuambie Lukman atoshe ile shati, iko nayo tangu juzi, isimupatishe haya huko Butembo. À vous."

Benchi la Vulamba lilisikia. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge. Papa Phinées alivua kofia yake. Débora aliangalia casque iliyotundikwa kwenye msumari, akatambua jambo ambalo angepaswa kulitambua zamani: haikuwahi kumficha mtu kitu. Iliwapa tu nafasi ya kuuona mkono unavyokwenda. Huko Beni sasa Safi atauona mkono wa shemeji yake, na hakuna njia nyingine, hata mtu awe na sauti nzuri namna gani. Kitu kikasogea ndani yake, pale majina yalipokuwa yamelala. Kilikuwa kizito. Hakikupata pa kutokea, lakini kilisogea.

"Lukumani," akasema. Sauti ilikuwa safi, haina filimbi hata kidogo, kila neno lilifika. "Vala casque. À vous."

Élisée wa Kanyabayonga alizima. Beni ilibonyeza kitufe cha kusemea, isiseme neno. Kupitia ukimya huo Débora alisikia benchi la kule likinyamaza, watu wengi kwa pamoja, kisha sauti ya mwanamke, karibu sana na kipaza sauti, sauti ya mtu aliyekuwa amesimama tayari kuondoka.

"Shemeji, iko ya nani?"

Débora alivuta pumzi ili ajibu. Ikaja yote, hadi chini kabisa.