Daftari la Mapigo

Betri ndogo iliyokuwa ndani ya bwati ilikufa mwaka nchi jirani zilipoanza vikwazo vya biashara, na tangu hapo mashine haikukumbuka kitu. Bwati ndilo jina ambalo wanamuziki wa orkestra waliipa mashine yao ya kupiga ngoma: kisanduku cheusi, kipana kama sinia la chai, chenye vitufe kumi na sita vya mpira. Ukiichomeka kwenye umeme, inapiga ngoma ya mguu, ngoma ndogo, matuazi, hata kengele, bila kuchoka. Ukiichomoa, inasahau yote.

Kwa hiyo kila arusi Twalibu, mwendeshaji wake, alianza upya. Jumamosi hiyo asubuhi alizunguka maduka ya mtaa wa Rohero kutafuta betri. Wenye maduka walitikisa kichwa kabla hajamaliza kuuliza. Hakukasirika. Alikuwa na daftari.

Lilikuwa daftari la shule la miraba, jalada la bluu. Twalibu aliacha shule darasa la tano akawa fundi wa redio pale Buyenzi, na maishani mwake hakuwahi kuandika kitu kingine kirefu. Kila pigo lilichukua mistari mitatu: wa juu matuazi, wa kati ngoma ndogo, wa chini ngoma ya mguu. Kila mstari ulikuwa na miraba kumi na sita. Penye mlio alichora alama ya msalaba, pasipo na mlio aliacha patupu. Kwenye ukingo wa kushoto aliandika majina mawili, la bibi arusi na la bwana arusi. Hiyo ilikuwa desturi yao: kila arusi inapewa pigo lake, na maharusi wanaandikwa. Watu waliipenda desturi hiyo. Kuna waliomjia Twalibu kabla hata ya kumtafuta mpishi, wakamuuliza, "Utatuandika?"

Aliyetunga mapigo alikuwa Méthode, mpiga ngoma wa orkestra. Bwati unaweza kuifundisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya miraba: unabonyeza kitufe cha kwanza, cha tano, cha tisa, kimoja kimoja, kama mtu anayepanda maharage. Ya pili, unaiacha mashine ihesabu yenyewe, nawe unagonga kwa vidole kama unavyogonga meza. Inashika ulichogonga, halafu inakunyoosha. Ukichelewa kidogo, inakusogeza kwenye mraba wa karibu. Twalibu alipenda miraba. Méthode alizitukana njia zote mbili. Alikuwa akija karakanani mchana, anakaa juu ya kreti, anapiga mapaja yake kwa viganja, na Twalibu anachora.

"Apana, apana," Méthode alikuwa akisema. "Hilo umeliweka mapema."

"Basi ni mraba wa kumi na tatu."

"Na hapo umechelewa. Liko katikati."

"Katikati hakuna mraba, ndugu yangu."

"Chora juu ya mstari, we! Karatasi itakufunga?"

Twalibu akachora msalaba juu ya mstari wenyewe, kati ya mraba wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Bwati haikuwa na kitufe cha hapo. Ili kulipata pigo hilo ilibidi azime ule unyooshaji na kuligonga kwa kidole, peke yake, akivizia. Karibu kila pigo la Méthode lilikuwa na msalaba mmoja wa namna hiyo.

Méthode alikufa mwaka wa tisini na tano, wakati wa vita. Walimkuta mtaroni bila viatu. Twalibu alikwenda kuzika, akarudi, akamaliza redio ya mteja. Kaseti za orkestra ziliungua kwenye nyumba ya mwenye kuzitunza. Mkono wa Méthode ulibaki mahali pamoja tu, kwenye lile daftari, na Twalibu hakuliacha nyumbani wala hakumwazima mtu.

Arusi ya siku hiyo ilikuwa mtaa wa Nyakabiga, saa nane, ili watu wawahi nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Twalibu alipanda kwa miguu, bwati na daftari ndani ya mfuko wa begani. Saa sita na nusu akafika kwenye bariyeri: magogo mawili, mapipa, na wanajeshi wanne mbele ya bistro, baa ndogo ya mtaani.

"We mzee, iko nini mu mfuko?" aliuliza mmoja, kijana mwenye meno yaliyoachana.

"Mashine ya muziki. Naenda kwenye arusi."

Kijana akaitoa bwati, akaigeuza, akaiweka juu ya pipa. Akatoa daftari. Akafungua. Akaita bila kuondoa macho kwenye karatasi.

"Shefu! Njo uone. Huyu mzee ana liste: majina na misalaba."

Ajida, mkuu wao, alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa mtu mzima, rika la Twalibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alifunua kurasa polepole, akilowesha kidole.

"We Mwislamu?"

"Ndiyo, shefu."

"Mwislamu anachora misalaba?"

"Ni mapigo ya ngoma, shefu. Penye msalaba ngoma inalia. Majina ni ya maharusi."

"Haya. Elsa na Bonfils. Wako wapi?"

"Bonfils alikufa. Elsa sijui."

"Sumaya na Anouar?"

"Walikimbilia Kigoma."

"Daphrose na Prudence?"

"Walikufa. Na mtoto wao."

"Mwanvua?"

"Alikufa. Guruneti, kituo cha basi."

"Na bwana wake, huyu Twalibu?"

"Ni mimi."

Kijana mwenye meno yaliyoachana akacheka. "Shefu, angalau mumoja yuko hai."

Twalibu hakuwahi kuyasoma majina yale kwenda chini. Siku zote alisoma mapigo, kwenda kulia. Sasa aliyasikia yote yakipangwa na sauti ya mtu mwingine, na majibu yakamtoka moja baada ya jingine kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Alisubiri woga uje. Haukuja.

"Nisikilize," ajida alisema. "Una majina. Una misalaba. Wenye majina wamekufa. Ungekuwa wewe ndiye umekaa hapa kwangu, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri hivyo hivyo, shefu."

Ajida akamtazama juu ya miwani. "Bistro ina umeme. Chomeka mashine yako. Nipigie Elsa na Bonfils. Ukinidanganya, hutafika arusini na hutarudi kwako."

Twalibu akaiunganisha bwati na redio ya bistro. Akaweka daftari kando yake, akabonyeza: mguu kwenye wa kwanza, wa saba, wa kumi na moja. Ngoma ndogo kwenye wa tano. Matuazi kwenye miraba yote iliyofuata. Akawasha. Pigo likajaa barazani, na mabega ya kijana yakaanza kucheza yenyewe.

Ajida hakucheza. Aliingia ndani ya bistro akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha yao ya zamu: majina sita upande wa kushoto, na mbele ya kila jina miraba kumi na miwili, saa mbili kwa kila mraba. Penye zamu palichorwa msalaba. Majina mawili yalikatwa kwa mstari wa wino mwekundu.

"Sasa piga hii."

"Hii si ngoma, shefu."

"Piga."

Twalibu akaiambia bwati ihesabu kumi na mbili badala ya kumi na sita. Mtu wa kwanza akampa ngoma ya mguu, wa pili ngoma ndogo, wa tatu matuazi, wa nne akampa kengele.

"Na hawa wawili wa wino mwekundu?" akauliza.

"Hao usiwapige."

Akawasha. Ilikuwa ngoma. Ilikuwa hata nzuri, ya kuzunguka, ya kina mama kupiga vigelegele. Kijana akasema, "Shefu, mi ndiyo ile kengele!"

Ajida akachomoa waya mwenyewe.

"Umeona, mzee? Misalaba yoyote inakuwa ngoma. Hujanionyesha kitu."

Twalibu alikubali moyoni kwamba ni kweli. Miaka saba alikuwa na mashine hii na hakuwahi kuliwaza hilo. Alitazama magogo ya bariyeri, akatazama mtaro ulio nyuma yake. Aliona kwamba mtaro ni mkavu.

"Lishike daftari, nisilione," akasema. "Nitapiga kwa mkono, bila kuangalia. Wewe fuata kwa kalamu. Chagua lolote."

Ajida alifunua nyuma, akafunua mbele. "Mwanvua na Twalibu," akasema.

Twalibu akavuta meza ya bistro. Hakuwa mpiga ngoma. Mguu wa kulia ukawa ngoma ya mguu, kiganja cha kushoto ngoma ndogo, kucha za kulia matuazi. Mara ya kwanza alitetereka. Mara ya pili ikakaa. Ajida alisogeza kalamu mraba kwa mraba, midomo ikihesabu, moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi na mbili, kiganja cha Twalibu hakikushuka. Kilipita kidogo, kikashuka kabla ya kumi na tatu.

Kalamu ikasimama. "Rudia."

Akarudia. Kiganja kikashuka pale pale.

"Tena."

Akapiga tena. Ajida akainamisha uso hadi miwani ikakaribia kugusa karatasi.

"Huu msalaba uko juu ya mstari."

"Ndiyo, shefu."

"Kwa nini?"

"Aliyetunga alisema ndipo pake."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Kijana akasema kwa sauti ya chini, "Shefu, mutu wa liste hawezi kuchora juu ya mstari. Angemweka nani hapo?"

Ajida akakunja ukingo wa ukurasa wa kwanza, akaukwaruza kwa ukucha, akauchana kwa unadhifu toka juu hadi chini. Akafanya hivyo ukurasa wa pili, na wa tatu, hadi mwisho. Vipande vyenye majina akavipanga, akavikunja, akavitia mfukoni mwa shati.

"Ngoma zako chukua. Majina yanabaki."

Twalibu hakuuliza yanabaki kwa ajili gani. Alikuwa anahesabu walio hai kwenye vile vipande: Sumaya, Anouar, labda Elsa, yeye mwenyewe, na wengine watatu ambao ajida hakuwaulizia, hao wote wa mitaa ya karibu. Alirudisha daftari na bwati kwenye mfuko wa begani. Akasema asante, shefu. Akapita kati ya mapipa.

Arusini, Musafiri mpiga gitaa alikuwa amesimama mlangoni, jasho linamtoka. "Saa tisa, mzee! Umeoa njiani?"

"Bariyeri."

Musafiri akamsaidia na nyaya.

Maharusi walikuwa Joëlla na Maxime, wote wawili makarani wa benki. Twalibu alikuwa amekusudia kuwatungia pigo lao kwa kuchanganya mawili ya Méthode. Alifungua daftari, akatazama karatasi zilizopungua upande mmoja, na kichwa kilikuwa kitupu. Vidole vikaweka miraba kumi na miwili. Mtu wa kwanza, ngoma ya mguu. Wa pili, ngoma ndogo. Kengele.

Watu wakainuka. Kina mama wakapiga vigelegele, kama alivyojua. Musafiri akaifuata kwa gitaa, akainamia sikio lake. "Hii umeitoa wapi? Tamu!"

"Njiani."

Bibi arusi akaja akicheza, ameshika gauni kwa mkono mmoja. Uso ulikuwa unang'aa kwa jasho. "Mzee Twalibu, hii ndiyo yetu?"

"Ndiyo yenu, dada."

"Umetuandika? Maxime anasema usipotuandika hatujaoana!"

Twalibu akainua daftari kidogo, amefunika ukingo uliochanika kwa kidole gumba. Joëlla aliona miraba na misalaba ya pigo la zamani. Akaridhika.

"Nimewaandika," Twalibu alisema.

Joëlla akarudi kucheza. Saa kumi na moja kasorobo watu walianza kutafuta viatu vyao, na Twalibu akachomoa waya.