Kuna Amani Kati Yetu?

Dawa ilirudishwa ikiwa bado baridi. Ozella Tubbs aliipokea kupitia tundu lililo chini ya kioo, kwenye dirisha la mapokezi la jela ya kaunti, pamoja na viatu vya mwanawe, mkanda wake na simu iliyokwisha chaji. Kichupa cha insulini kilikuwa ndani ya mfuko wake mwenyewe wa chakula cha kazini, ule wa bluu wenye zipu, alioupeleka pale Ijumaa asubuhi. Mtu alikuwa ameubandika karatasi na kuandika kwa hati nzuri: Tubbs, Rodarius, seli ya nne, iwekwe kwenye friji. Ikawekwa kwenye friji. Ilikaa humo siku tatu bila kufunguliwa, na Rodarius alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, akinywa maji na kutapika, akinywa na kutapika, hadi Jumatatu alfajiri alipoacha kunywa.

"Tia saini hapa, Mama Ozella," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma ya kioo. "Na hapa."

Alikuwa Charlesetta Pugh. Ozella alimjua tangu akiwa hana meno ya mbele. Walisali kanisa moja, Ozella benchi la tatu, Charlesetta la tano. Na ile Ijumaa ni Charlesetta aliyeupokea mfuko akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mama, nitahakikisha anapata."

"Hati hii ni yako," Ozella alisema, akiigusa karatasi kwa kidole.

"Siruhusiwi kuzungumza chochote. Jambo liko kwa wakubwa."

"Sijakuuliza habari za wakubwa. Nimeuliza hati ya nani."

"Tia saini, tafadhali. Kuna watu nyuma yako."

Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Rodarius alikuwa na miaka ishirini na sita. Kisukari kilimpata akiwa na tisa, na tangu hapo Ozella aliishi kwa kutazama saa: sindano ya asubuhi, sindano ya jioni, biskuti mbili mfukoni, kidole kitobolewe, damu ipimwe. Akawa fundi wa matairi, mtu mzima mwenye ndevu, na bado mama yake akimpigia simu kila siku saa kumi na moja kumuuliza kama amejichoma. Walimkamata kwa taa ya nyuma ya gari iliyovunjika, na kwa kutofika mahakamani siku aliyoitwa. Ripoti ya kaunti ilisema amekufa kwa ugonjwa na hakuna wa kulaumiwa. Wakili mmoja wa Jackson, mji mkuu wa jimbo, alimsikiliza Ozella kwa dakika kumi, akamwambia bila video ya seli hana kesi. Video, kaunti ilisema, ilijifuta yenyewe. Mashine nazo siku hizi zina akili ya kujua nini cha kufuta.

Kwa hiyo kilichobaki kwa Ozella kilikuwa kanisa.

Katika kanisa lao la Sweet Hollow, Meza ya Bwana haiandaliwi hivi hivi. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti, na baada ya mkate na divai watu hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Lakini kwanza, Jumamosi inayotangulia, mchungaji husimama na kuuliza: Kuna amani kati yetu? Waumini hujibu mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Mmoja akisema hana amani, hakuna mkate, hakuna beseni, hakuna chochote hadi shauri lake limalizwe. Miaka na miaka watu wamejibu "amani". Wamejibu walioibiana waume. Wamejibu ndugu wawili waliokuwa wakipigania shamba la marehemu baba yao, na mmoja wao akiwa bado na plasta kichwani. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumzuilia Bwana chakula chake.

Mwezi wa Mei zamu ilipofika benchi la tatu, Ozella alisimama.

"Sina," alisema.

Mchungaji Whitlow alikuwa ameshageukia benchi la nne. "Huna nini, Dada Ozella?"

"Amani. Sina amani na Charlesetta Pugh. Naomba asimame mbele ya watu hawa aseme alifanya nini na dawa ya mwanangu, na nani alimwambia asiitoe."

Charlesetta hakusimama. Alitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ameiazima. Mchungaji alisubiri, akakohoa, akafunga kikao. Nje kwenye maegesho, Earnestine, dada mkubwa wa Ozella, ambaye ndiye aliyekuwa akioka mkate usiotiwa chachu, alimfuata na kapu mkononi.

"Nimekanda mkate wa Bwana tangu alfajiri," alisema. "Sasa niule na nini, Ozella? Siagi?"

"Ule na Charlesetta."

"Unafikiri kufanya hivi kutamrudisha?"

"Sifikirii kumrudisha," Ozella alisema. "Nataka na wengine wakose kitu."

Siku ile alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Machi, Rodarius alipokufa. Alikuwa na furaha, furaha chungu yenye ukatili ndani yake, na hakuionea haya. Kwenye kiwanda cha kambare alikuwa mkata minofu wa miaka kumi na tisa. Kisu huingia nyuma ya kichwa cha samaki, huteremka kikifuata uti wa mgongo, hutoka mkiani. Kiangazi kile kila kambare alikuwa na jina, na siku nyingine mpaka saa sita mchana alikuwa ameshawamaliza askari jela wote wa kaunti na kuanza upya. Msimamizi alimsifu kwa kasi.

Julai Mchungaji Whitlow alikuja nyumbani kwake. Aliketi kwenye kiti cha Rodarius bila kujua, akapewa chai baridi ya sukari.

"Kanisa zima linakuombea upone, Dada Ozella."

"Mimi sikuumwa, Mchungaji. Aliyeumwa ni Rodarius."

"Najua. Mungu anajua." Alizungusha glasi. "Lakini yule binti ana watoto wawili na hana mume. Akifungua mdomo tu, kesho hana kazi."

"Kwa hiyo kuna la kusema."

Mchungaji alikunywa chai yake polepole kuliko ilivyohitajika. Viyoyozi viwili vipya vya Sweet Hollow vilikuwa vimeletwa na Sherifu Rainey, mkuu wa askari na jela ya kaunti, na Novemba alikuwa akigombea tena kiti chake kwa kura; yote mawili Ozella aliyajua, na mchungaji alijua kwamba anayajua.

"Sherifu atasali nasi Jumapili ya Agosti," alisema hatimaye. "Angependa kukuona wewe na Charlesetta mkitawadhana. Ni jambo linalomgusa moyo. Na ameniambia, mimi na yeye tu, kwamba kijana hana jiwe la kaburi. Yuko tayari kuleta moja, la marumaru ya kijivu, na picha ya Rodarius ndani yake. Zuri sana."

"Litaandikwa aliyelileta?"

"Chini tu. Kwa herufi ndogo."

Ozella hakumfukuza. Huo ndio ukweli, na baadaye aliuchukia. Juu ya kaburi la mwanawe palikuwa na kibao cha bati cha watu wa mazishi, na karatasi iliyokuwa ndani yake ilikuwa imepigwa na mvua mpaka likabaki neno "Tubbs" peke yake, kana kwamba amezikwa yeyote katika ukoo. Kwa siku tatu aliliwaza lile jiwe. Aliwaza kulifuta kwa kitambaa Jumapili baada ya ibada. Alichagua hata picha, ile ya Rodarius amevaa shati la manjano, anacheka na mtu asiyeonekana. Angepiga magoti mara moja, angemwosha miguu yule mwanamke, na mwanawe angekuwa na jina.

Siku ya nne, alipotoka zamu, alimkuta Charlesetta ameegemea gari lake kwenye maegesho ya kiwanda. Alikuwa bado na sare.

"Mama, nisikie kidogo tu halafu niende."

Ozella alivua glavu za kazi, moja, kisha nyingine. "Sema."

"Sikukataa mimi kumpa. Walituambia dawa yoyote kutoka nje isitolewe mpaka nesi aikague, na nesi huja Jumatatu. Niliwapigia wakubwa simu mara mbili. Sherifu mwenyewe aliniambia niache kumsumbua wikendi." Alifuta pua kwa mkono wa sare. "Na Jumapili alikuwa ananiita. Rodarius. Si askari, si afande. Ananiita jina langu. Charlesetta, Charlesetta, kama tulipokuwa watoto."

"Ukamjibu nini?"

"Mama..."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia avumilie. Nikamwambia Jumatatu si mbali."

Wanawake wa zamu ya pili walipita wakicheka, nyavu za nywele mikononi. Ozella alisubiri wapite. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshika mkono amsikie akisema tena kila neno ambalo Rodarius alitamka, hata la kuomba maji, kwa sababu hayo ndiyo maneno yake ya mwisho na huyu peke yake alikuwa nayo.

"Yaseme hayo kanisani," alisema. "Yote, kama ulivyoyasema sasa. Nitakuosha miguu mbele ya watu wote na sitakudai kitu tena maishani."

"Sherifu atakuwepo."

"Ndiyo maana."

"Siwezi, Mama. Nimekuja kukuambia wewe ili upate kutulia."

"Wewe ndiye uliyetaka kutulia," Ozella alisema, akafungua mlango wa gari.

Jumamosi ya Agosti kanisa lilijaa kuliko Mei. Viyoyozi vilinguruma. Swali likaulizwa, majibu yakaja, amani, amani, amani, na benchi la tatu Ozella akasimama akasema, "Sina." Safari hii Mchungaji Whitlow hakumuuliza kwa nini. Alimtazama shemasi Gholston, na shemasi Gholston akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa.

Ilisomwa kwamba Dada Ozella Tubbs ameombwa mara ya kwanza na ya pili apatane na mwenzake, amekataa, na kwamba moyo mmoja hauwezi kuachwa ulifungie kanisa zima. Anayeafiki aondolewe katika ushirika anyooshe mkono. Mikono ikapanda. Mingine ilipanda haraka, ya watu waliotaka yaishe. Mkono wa Charlesetta ulipanda. Mkono wa Earnestine ulikuja mwisho, ukaishia usawa wa bega, ukahesabiwa.

"Tumesikitika sana," alisema mchungaji. Kisha akauliza tena tangu benchi la kwanza, kuna amani kati yetu, na sasa jibu likaenda mpaka mwisho bila kukwama.

Mtu aliyeondolewa haruhusiwi kula Mezani, lakini hakuna sheria inayomkataza kuingia kanisani. Jumapili Ozella alikuja na gauni lake jeupe. Hakwenda benchi la tatu. Alichukua kiti cha kukunja akakiweka kando ya mlango wa pembeni, kwenye kijia chembamba kati ya ukuta na benchi za wanawake. Mabomba yako nje, upande ule, na wanawake hawana njia nyingine ya kuingizia maji. Alitulia wakati wa mahubiri. Alitulia wakati mkate wa Earnestine ukizungushwa. Sherifu Rainey, benchi la mbele na mke wake, aliula kwa heshima zote.

Wanawake walipotoka kwenda kujaza mabeseni, Ozella alivua viatu, akavua soksi, akainyoosha miguu yake mbele mpaka visigino vikagusa mguu wa benchi la upande wa pili. Ilikuwa miguu mibaya, iliyovimba kwa miaka ya kusimama juu ya saruji yenye maji.

Mchungaji aliiona. Alishuka akaja, akainama sikioni mwake. "Dada Ozella, toa miguu njiani."

"Mimi si dada yako. Ulisema jana."

"Unataka nini?"

"Charlesetta anajua."

Shemasi Gholston alianza kusogea, lakini mchungaji alimkonyeza asimame. Kumbeba mama mfiwa mbele ya wageni kungeonekana vibaya. Badala yake akapandisha wimbo, ule wa kuitikiana, mstari kwa mstari, na kanisa likaitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Earnestine aliingia wa kwanza. Alisimama na beseni lake kiunoni, akaitazama ile miguu. "Unanitia aibu," alisema. Akashika upande wa sketi, akaivuka.

"Earnestine," Ozella alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili.

Wakafuata wengine. Mmoja mmoja walifika, wakasita, wakainua sketi kidogo, wakaivuka miguu yake macho yakiwa ukutani, na kila mmoja alisikia jina lake likitajwa lote, jina na la ukoo. Wengine walinong'ona "samahani". Aliwataja hao pia.

Charlesetta alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejaza beseni kupita kiasi na amelishika kwa mikono miwili.

"Nipishe, Mama," alisema.

"Sema alikuita."

Charlesetta aligeuka akamtazama mchungaji, ambaye alikuwa akiimba macho yamefumbwa. Akatazama benchi la mbele. Sherifu Rainey alikuwa amegeuza kichwa anamtazama bila kukunja uso, kwa upole hasa, kama mtu mwenye muda wa kutosha. Charlesetta hakuwa na mkono wa kuinulia sketi. Akapandisha mguu mmoja, sketi ikaburuta juu ya vidole vya Ozella, akapandisha wa pili, beseni likayumba, na maji vuguvugu yakamwagika, yakailowesha ile miguu yote miwili mpaka vifundoni.

"Charlesetta Pugh," Ozella alisema.

Kule mbele wanawake walikuwa wameshapiga magoti, kila mmoja na mwenzake, wakioshana na kufutana na kulia. Ozella aliiacha miguu yake palepale njiani, ikidondosha maji. Hakuna aliyeleta taulo.