Selotepu Ndani ya Ufunguo

"Hivi Shizuyo, ufunguo usio na meno unajuaje kwamba ni wewe?"

Swali hilo Mitsue aliliuliza mwanzoni mwa Kwaresima, amekaa kwenye ukingo wa sakafu pale mlangoni kwa jirani yake, viatu miguuni, kikombe cha chai mkononi. Shizuyo alikuwa ametoka dukani na betri mpya ya ufunguo wa gari, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka. Wote wawili wamevuka sabini na tano, wote wajane, na nyumba zao hazitenganishwi na kitu ila ua wa kamelia.

"Haujui kwamba ni mimi," Shizuyo alimjibu. "Unajuana na gari tu. Hata ukiubeba wewe, litakufungulia."

"Halinijui na bado linifungulie? Gari gani hilo lisilo na adabu!"

Basi Shizuyo akaona afadhali amwonyeshe. Akauchomoa ule ufunguo mdogo wa chuma unaojificha ubavuni, akapachika ncha ya bisibisi bapa aliyoizungushia kitambaa, akakunja mkono kidogo. Tak! Ufunguo ukagawanyika nusu mbili kama chaza. Mitsue akachungulia, akaona betri moja bapa, kubwa kuliko kifungo cha koti.

"Ndani mna hiki tu?"

"Hiki tu."

Shizuyo akaiweka mpya. Ile ya zamani akaizungushia selotepu mara mbili, kisha akaitia kwenye kopo la betri chakavu, kama watu wa manispaa wanavyotaka.

"Unaifungia nini nayo imeshakufa?"

"Haijafa kabisa. Zikigusana kwenye gari la taka zinawasha moto. Ukishaibandika hivi, haina la kufanya. Imelala."

"Ahaa," akasema Mitsue, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Machi. Ijumaa moja mwishoni mwa Novemba, Shizuyo alisimama mbele ya gari lake dogo jeupe akabonyeza ufunguo. Kimya. Akabonyeza tena, akausogeza karibu na mlango. Gari halikupepesa hata taa.

Keshokutwa yake ilikuwa Jumapili ya misa. Padri hufika kwenye kanisa la ng'ambo ya kilima mara mbili tu kwa mwezi, basi la Jumapili lilikwisha kufutwa, na gari hilo ndilo linalowabeba wanawake wanne: Shizuyo mwenyewe, Mitsue, na vikongwe wawili wa bondeni. Likilala gari, wanne wamekosa misa. Tena mwanawe Kazunari, anayeishi Fukuoka, tangu kiangazi hakumaliza simu bila kugusia leseni. "Mama, mwakani themanini. Irudishe polisi kwa heshima yako." Naye Shizuyo humjibu kwamba macho yake huliona vumbi kwenye mabega ya Bikira Maria kabla ya mtu mwingine yeyote kanisani, na kweli, ndiye anayelifuta.

Angeweza kuondoka vilevile. Alijua kwamba mlango hufunguka kwa ule ufunguo wa chuma, na kwamba gari huwaka ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia. Lakini betri ya miezi minane haifi. Hilo ndilo lililomkaa kichwani, akarudi ndani, akatandaza gazeti mezani na kuleta bisibisi na kitambaa.

Tak! Nusu mbili. Betri ilikuwa mahali pake, inang'aa. Inang'aa mno. Shizuyo akavaa miwani, akainama. Juu ya betri palikuwa na kipande cha selotepu.

Cheko likamtoka peke yake. "Uzee huu!" Akadhani amezichanganya siku ile: mpya ameitia koponi, ya zamani ameirudisha ndani na selotepu yake. Akalileta kopo, akaliinamisha juu ya gazeti. Betri zote zikamwagika, na ile bapa ya Machi ilikuwamo, imezungushiwa mara mbili kama kawaida ya Shizuyo ya kufunga kila kitu kana kwamba kinasafirishwa.

Cheko likakatika. Akairudia ile ya ndani ya ufunguo. Hii haikuzungushiwa. Ilikuwa na kipande kimoja kifupi, kimebandikwa upande mmoja, na ncha yake imekunjwa kidogo ikawa kama sikio la paka, ili anayebandua apate pa kushika. Shizuyo hajawahi kukunja ncha ya selotepu maishani mwake.

Akachukua simu.

"Kazunari, ulipokuja kiangazi ulinibandikia betri selotepu?"

"Nilibandika nini?"

"Betri ya ufunguo wa gari."

"Mama, mimi niko kazini. Ningetaka kukuzuia ningeondoka na gari lenyewe. Selotepu? Mimi mtoto wa chekechea?"

Hapo alisema kweli. Tena tangu kiangazi gari lilikuwa likiwaka kila siku, hata Jumanne ya wiki hii.

"Basi, rudi kazini."

"Lakini huyo aliyefanya hivyo, Mama, mpe salamu zangu."

"Rudi kazini, nimesema."

Akakaa anakitazama kile kipande. Halafu, kwa vile macho yake hayajui kutulia, yakaenda jikoni, yakatua juu ya mfuko wa viazi vitamu vikavu ulioachwa Jumatano, wakati yeye amekwenda kwa basi la katikati ya wiki kufagia kanisa. Milango ya kijijini kwao haifungwi, na ufunguo wa gari hukaa kwenye bakuli juu ya kabati la viatu. Mdomo wa mfuko ulikuwa umezibwa kwa selotepu. Ncha ya selotepu ilikuwa imekunjwa kama sikio la paka.

Vidole vya Mitsue vina baridi yabisi. Bila kukunja ncha hawezi kubandua kitu.

Hasira haikuja. Kilichokuja ni kutaka kujua. Kati ya wanne wale, Mitsue ndiye anayekuwa tayari barabarani nusu saa kabla, na kitambaa chake cheupe cha kichwani kimepigwa pasi. Mtu kama huyo alilaze gari kwa nini?

Kabla ya adhuhuri sauti ikasikika mlangoni. "Hodi! Nimekuletea figili, nene kama miguu yangu ya zamani!" Mitsue akaingia bila kungoja karibu, akafika mezani, akaona gazeti, nusu mbili za ufunguo, betri. Figili zikabaki mikononi.

"Naona umeamka na ufundi," akasema.

"Kaa, Mitsue."

"Nimeacha nguo kwenye kamba."

"Zitakauka bila wewe. Kaa."

Akakaa. "Sikuitoa," akasema upesi. "Kuitoa ungekuwa wizi, nami Jumapili nataka kukomunika."

"Kwa hiyo ukaona uilaze."

"Si wewe uliyenifundisha?"

Shizuyo nusura acheke. "Na kanisani ungefikaje, shoga? Kwa kupaa?"

"Nisingefika. Hilo nilishalikubali."

"Kwa nini?"

Mitsue akaziweka figili sakafuni, moja baada ya nyingine. "Siku ya Marehemu Wote, tunakwenda makaburini. Pale kona ya shule. Iriguchi wa posta alikuwa anatokea kushoto na pikipiki yake. Njia ilikuwa yake. Hukusimama."

"Nilisimama."

"Hukusimama, Shizuyo. Hukupunguza hata mwendo. Ulikuwa unanieleza kwamba maua ya krisanthemu ya mwaka huu yana shina fupi. Iriguchi akaingia mtaroni na barua zake. Nikageuka nikamwona anainuka, akatupungia mkono kwamba ni mzima. Wewe bado uko kwenye shina."

Shizuyo akairudia safari ile moyoni tangu mlangoni kwake. Aliyakumbuka maua ndani ya ndoo, maji yakichezacheza, jua kwenye kioo, na mkono wa Mitsue ulioshika kishikio juu ya mlango mpaka makaburini. Hata alimwuliza, "Una nini?" naye akajibu kwamba ni baridi. Kila kilichokuwa ndani ya gari alikiona. Akaifikia kona ya shule, akamtafuta Iriguchi na pikipiki yake nyekundu. Kona ilikuwa tupu.

Kisha akakumbuka kitu kingine. Wiki hiyohiyo Iriguchi alimletea barua akiwa na bandeji kwenye kifundo cha mkono. Bandeji aliiona tangu yuko langoni, akamwuliza kulikoni, hata akampa dawa ya kuchua. Iriguchi akainamisha kichwa, akasema ameteleza tu.

"Kwa nini hukuniambia palepale?" Sauti ilimtoka ndogo.

"Nikwambie nini? Kwamba huoni? Wewe unayeona vumbi kwenye mabega ya Bikira Maria? Mwaka wa saba huu unanibeba. Ulimi ulinigomea, bibi wewe. Kila nikiufungua mdomo, yanatoka ya figili."

"Na selotepu yako isingenizuia. Gari linawaka hata betri ikilala. Kuna njia."

Mitsue akamkodolea macho. "Kuna njia?"

"Ipo."

"Yaani Jumapili ungekuja tu kunipigia honi mlangoni?"

"Ningekuja."

"Mungu wangu," akasema Mitsue, akakifunika kinywa kwa vile vidole vyake vilivyopinda.

Shizuyo akaishika betri kwa kingo zake, akaivuta ile selotepu kwa sikio lake. Ilibanduka kwa urahisi. Akaifuta betri kwa kitambaa kikavu, akairudisha, maandishi yakitazama juu, akazikutanisha nusu mbili na kuzibana kwa gumba pande zote mpaka zikalia tak. Akabonyeza. Nje, gari likapepesa taa mara mbili, na vioo vyake vya pembeni vikafunguka kama masikio. Mitsue akashusha pumzi kana kwamba ni yeye aliyewashwa.

Ufunguo Shizuyo akauweka juu ya gazeti, upande wa Mitsue. Akainuka. Kwenye kabati akatoa sanduku la keki ya kasutera lisilofunguliwa, akalifunga katika kitambaa cha zambarau anachokitumia kwa kwenda kuomba radhi na kwa misiba. Akafungua pochi, akaichomoa leseni, akaitazama picha yake, akaichomeka katikati ya fundo la kitambaa, juu ya keki.

"Unakwenda wapi?" Mitsue akainuka naye. "Posta ni mbali kwa miguu. Na huko polisi ndiyo kabisa, ni kupanda tu. Shizuyo! Na Jumapili tutafanyaje? Ngoja basi nikuitie teksi."

Shizuyo akavaa viatu, akaunyosha ukosi wa koti lake, akapita ubavuni mwa gari bila kuligusa, akaishika njia ya posta.