Waliosikia Ishirini na Saba

"Ishirini na saba," alisema ofisa wa usalama, akaigonga meza kwa kidole. "Namba hii ilijulikana na watu wangapi?"

"Watatu," alijibu mpiga taipu.

"Wataje."

"Mimi. Katibu. Na hiyo." Akaionyesha kwa kidevu kompyuta iliyokuwa mezani.

Ofisa alicheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea bibi yake akijibizana na redio. Katibu wa wizara, aliyekaa kiti cha pembeni, hakucheka. Mpiga taipu, mama wa watu, aliliona hilo, ila hakulitia maanani wakati ule.

Ofisini walimwita Kufuli. Ukimuuliza saa ngapi, walisema, anataka kwanza kujua saa hiyo utaifanyia nini. Kwa miaka thelathini alikuwa amechapa barua za siri za wizara. Enzi za mashine za taipu, kila jioni alichomoa utepe, akakusanya karatasi za kaboni, akavichoma vyote kwenye pipa uani huku mlinzi akishuhudia. Hakuondoka mpaka majivu yapoe na yavurugwe kwa kijiti. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba hakuoa mke, alioa kabati la serikali. Ulikuwa utani, lakini alikufa nao.

Tena kulikuwa na ile orodha ya karakana. Mwaka serikali ilipopunguza mafundi wa karakana ya reli, orodha ya majina ilipita mikononi mwake wiki tatu kabla ya kutangazwa. Mdogo wake alikuwa wa kumi na nne. Jumapili hiyo alikuja kula, akamweleza dada yake kwamba kuna kiwanda kinamtaka, ila anaona bora abaki karakana maana ndiyo kazi ya kudumu. Akamuuliza waziwazi kama huko wizarani kuna lolote. Kufuli alimwongezea mchuzi, akamwambia yeye anachapa tu, hasomi. Mdogo wake akakikataa kiwanda. Miaka tisa sasa hawajasemezana ipasavyo, na wifi yake akimwona huvuka barabara.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuipenda mashine. Programu ya kuandikia ililetwa na kampuni ya nje, kutoka nchi ambayo sasa inataka kuikodi bandari yetu. Katibu aliisifu kila mahali na siku ya uzinduzi ndiye aliyekata utepe. Mashine za taipu zikapakiwa kwenye lori kama wagonjwa wasio na ndugu. Siku ya mafunzo Kufuli aliuliza swali moja: maneno akishayachapa, yanalala wapi? Mkufunzi wa kampuni akatabasamu na kusema yanalala mahali salama. Alitaka kuuliza salama kwa nani, lakini chai ilikuwa imeshafika.

Mwaka wa kwanza programu ilimsahihishia makosa. Wa pili ikaanza kummalizia sentensi. Akiandika "kwa kuzingatia maslahi", yenyewe inamletea "mapana ya taifa", naye anacheka peke yake. Hakuwahi kuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za kazi yake, na sasa kulikuwa na kitu kinachojua anachotaka kusema. Siri alizomnyima mume na ndugu alizimimina humo herufi kwa herufi, kwa moyo mweupe.

Wageni wa nchi hiyo walitaka kuikodi bandari miaka tisini na tisa. Serikali ingeanza na kumi, na ikibanwa isivuke kikomo fulani. Kikomo hicho Katibu alimsomea Kufuli mlango ukiwa umefungwa, akitembea hadi dirishani na kurudi. Isizidi miaka ishirini na saba, alisema, na Kufuli akachapa. Kisha Katibu akasimama, akamimina maji, akanywa, akafikiri. "Futa," akasema. "Weka ishirini na tano." Kufuli akafuta. Ikatoka nakala moja tu, yenye ishirini na tano, ikatiwa lakiri na kwenda kwa waziri. Ishirini na saba iliishi duniani muda wa kunywa glasi moja ya maji, na haikugusa karatasi.

Siku kumi baadaye kiongozi wa wageni alikaa kwenye meza ya mazungumzo, akafungua vifungo vya koti, akasema wasipotezeane muda. Wao wangeridhika na ishirini na saba, idadi ambayo bila shaka hata wenyeji wao wameshaifikiria. Waziri, aliyekuwa anaisikia namba hiyo kwa mara ya kwanza, aligeuka kumtazama Katibu.

Ndiyo maana siku hiyo Kufuli alikuwa mbele ya ofisa. Mahojiano yalipokwisha aliambiwa amesimamishwa kazi, aache funguo, na asitoke mjini. Ofisa alimsindikiza hadi langoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, alimwambia kwa upole, afadhali aseme mapema alimpa nani. Kufuli akamjibu kwamba hata mtungi una kitako, nacho kinaweza kutoboka bila kata kujua.

Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa na habari. Majirani walipita wakiusalimia ukuta wake badala ya kumsalimia yeye. Mwanamke wa jirani, aliyekuwa akiazima kwake pasi kila Ijumaa, alinunua ya kwake. Kufuli hakuogopa jela kama alivyoogopa jambo hili: kwamba angezikwa siku moja na watu wangesema, huyu ndiye aliyeuza nchi. Jina lake lilikuwa mali yake pekee, nalo lilikuwa linaondoka.

Jumamosi mdogo wake alibisha hodi. Hakukubali kukaa. Alisema watu wa usalama walimwita pia, wakataka kujua dada yake ni mtu wa aina gani, ana tamaa, ana marafiki wa nje.

"Nimewaambia dada yangu alinitazama machoni huku akijua jina langu liko kwenye orodha, akaniongezea mchuzi," alisema. "Nikawaambia, kama hakunipa mimi, hakumpa mtu."

Hakusema kwamba amemsamehe. Alikunywa maji amesimama, akarudisha glasi, akaenda zake. Kufuli alilia kwa aibu na kwa shukrani, asijue kipi kilizidi.

Jumatatu alikuja fundi wa kompyuta wa wizara, mtu mwenye maneno ya haraka na viatu vya vumbi. Alimweleza kwamba kila herufi anayobonyeza ilikuwa inasafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni kabla kidole hakijanyanyuka, eti ili programu ijifunze. Kufuta hakufuti, kunaficha tu. Mitambo iko kwao, ufunguo uko kwao, na serikali yao ikibisha hodi, kampuni inafungua. Wizara hairuhusiwi hata kuchungulia ndani ya programu inayoitumia.

"Yote haya nilimwandikia Katibu mwaka jana," alisema fundi. "Akanijibu kwa barua ya siri kwamba wizara imeridhika na maelezo ya kampuni, na suala lifungwe. Kisha akaichukua hata nakala yangu."

"Barua gani hiyo?"

"Mama, ina herufi za mwanzo za jina lako chini. Wewe ndiye uliyeichapa."

Nidhamu ya Kufuli ilikuwa kuchapa na kusahau, lakini sasa barua ilirudi yote, aya tatu fupi, hadi namba yake ya kumbukumbu. Alikumbuka kwamba Katibu alikuwa na haraka siku hiyo, na kwamba sentensi ya mwisho programu ilimmalizia yenyewe. Ndipo akaelewa kwa nini Katibu hakucheka alipoitaja kompyuta. Alijua tangu mwanzo. Hasira ilimpanda. Miaka thelathini mizima alikuwa ameulinda mlango, kumbe mwenye nyumba amebomoa ukuta wa nyuma.

Na barua hiyo ilikuwa ya siri. Kiapo chake kilimkataza kutaja yaliyomo, hata kusema kwamba ipo. Angeweza kujisafisha kwa kufanya jambo lilelile alilosingiziwa, yaani kutoa siri. Siku mbili hakula chakula cha maana.

Kikao cha pili kilikuwa Alhamisi asubuhi. Ofisa alimwomba Katibu arudie maelezo yake.

"Nilimtajia yeye peke yake," alisema Katibu, tena kwa sauti ya huzuni. "Inaniuma, kwa kweli. Nilimwamini kama ndugu."

Akamgeukia Kufuli na kumtazama usoni bila woga hata kidogo. Mtazamo huo ndio uliomuumiza kuliko maneno. Katika chumba kile Katibu ndiye mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba Kufuli hajawahi kutoa siri, na kwamba hataitoa. Alikuwa ameuegemea uaminifu wake kama mtu anavyoegemea ukuta.

Ofisa akamsogezea kompyuta. "Andika maelezo yako, mama. Ukimaliza, bonyeza hapo tu."

Vidole vilikwenda vyenyewe mahali pake kwa mazoea. Kisha akaviondoa.

"Naomba kalamu," alisema.

Walifungua droo. Chumba kilikuwa na meza sita, na hakikuwa na kalamu. Katibu akasema huu ni upotezaji wa muda, achape tu kama kila mtu. Ofisa alimtazama Katibu, akaitazama kompyuta, na safari hii naye hakucheka. Akatoka mwenyewe, akarudi na kalamu ya kitabu cha wageni cha mapokezi, kipande cha uzi wake kikining'inia kilipokatwa. Karatasi wakaichomoa kwenye printa.

Miaka mingi ya kubonyeza ilikuwa imeusahaulisha mkono wake kushika kalamu. Herufi zilitoka kubwa na zenye kuyumba. Hakuanza na jina lake. Alianza juu kabisa, upande wa kulia, na namba ya kumbukumbu ya barua, tarakimu moja baada ya nyingine.

Ng'ambo ya meza Katibu alikuwa anazisoma kichwa chini miguu juu. Alipofika tarakimu ya nne akaegemea mbele.

"Mama," alisema taratibu, yeye ambaye siku zote alimwita Kufuli.

Kwa kidole kidogo Kufuli alisogeza uzi wa kalamu usiguse wino, akaendelea na tarehe.