Taa Nilizompandishia Shemeji

Nilipolazwa hospitali, mume wa dada yangu alibadilisha kufuli ya banda letu la miche. Banda tulilijenga wote wawili. Nilipotoka akaniambia kupitia uzio, "Pumzika, shemeji. Wateja wameshanizoea mimi."

Nikabaki na stoo ya nyumbani isiyo na dirisha. Mwenye shamba kubwa alikuwa ametangaza atanunua miche yake yote ya nyanya kwa mtu mmoja, mwenye mizuri kuliko wote. Niliapa mtu huyo hatakuwa shemeji.

Dukani, muuzaji wa vifaa vya umeme akanitolea taa za zambarau za kukuzia mimea. "Hizi ndizo za kitaalamu, mzee."

"Mche unajua utaalamu? Nipe tyubu nyeupe za kawaida, kama za jikoni. Zenye mwanga mkali."

Trei za kwanza niliziharibu. Sisi tumezoea jua, kwa hiyo nilitundika taa darini kama za sebuleni. Miche ikarefuka kuutafuta mwanga, ikalegea, ikaanguka. Ndipo nikaelewa: mwanga wa taa ya bei rahisi haufiki mbali. Nikazishusha kwa minyororo hadi shibiri moja juu ya miche, nikawa nazipandisha kadiri inavyokua. Safari hii ikatoka mifupi, minene, kijani kibichi.

Msimu wa mawingu ukaingia, jua likapotea. Miche ya shemeji ikadumaa. Nilijua atatuma mpelelezi, na nilijua ni nani. Dada alipobisha hodi, nilizivuta taa hadi darini kabla ya kufungua.

"Nimepita kukusalimia tu," akasema, macho juu. "Kumbe unaziweka huko?"

"Kwani wewe kwako unawasha taa sakafuni?"

Akacheka, akapiga picha. Alipotoka tu, nikazishusha.

Siku ya kuchagua, mwenye shamba alianzia bandani kwa shemeji, ambako taa zilikuwa zimetundikwa juu kabisa kama kwenye picha. Miche ilikuwa kama nyuzi, imelala ubavu. Aligusa mmoja, ukakatika. Akaja stooni kwangu, akaagiza gari.

Tukiwa tunapakia, dada akafika.

"Kaka, ulijua nitampelekea ile picha."

"Nilijua."

"Yaani ukanitumia mimi?"

"Nani alikutuma?"

Akageuka kuondoka. Kisha akasema, "Basi usiniite dada tena."

Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Lakini gari lilipopita bandani nilimwambia dereva asimame. Shemeji alikuwa anamwaga trei zake jalalani. Nilimtazama mpaka akamwaga ya mwisho.