Wageni wa Idi na Dripu ya Tatu

Jumatatu baada ya Idi ndiyo siku mambo yalipoharibika. Nilimpeleka dada yangu Mauza hospitali akatundikiwe dripu yake ya tatu ya saratani ya titi. Wakampima damu, wakaturudisha.

"Semeni tu wakubwa wameshaiuza dawa," nikamwambia nesi, Celina.

"Dawa ipo, baba. Damu ndiyo haijapanda, na ana homa." Akanivutia kiti. "Dripu inaua saratani, lakini inapiga na chembe nyeupe, wale askari wa mwili. Zinashuka, halafu zinapanda taratibu. Ndiyo maana tunaacha wiki tatu, na kabla ya kutundika tunapima. Tukitundika zikiwa chini, mafua tu yanaweza kumwondoa. Idi mlikuwa na wageni?"

Wageni! Mtaa wetu wa Mchafukoge mzima ulipanda ngazi kumpa mkono wa Idi, shemeji Turki akipiga chafya juu ya biriani. Kwetu mgonjwa asiyejaziwa watu chumbani ni kama katupwa.

Tukapewa dawa ya homa, turudi baada ya wiki. Nikaweka kiti mlango wa chini wa ghorofa. Hapandi mtu.

"Saif, umekuwa Waziri wa Afya?" Nasreen, jirani yetu muuza mitandio, akanikejeli.

"Waziri angekuwa kalala ofisini. Mimi niko macho."

Mauza naye hakukubali kukaa kinyonge. Akateremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu, Nasreen akatia chupa ya supu, na umbeya wakaupaza juu kwa juu.

"Mauza! Nywele zimeota?"

"Zimekwenda umra! Zitarudi na tende!"

Mtaa mzima ukacheka, hata mwenye mkokoteni akasimama.

Wiki ikaisha, homa hakuna, damu imepanda. Celina akatundika.

"Taratibu mwanangu," Mauza akamwambia, "mwili wangu hauinywi dawa kama soda."

Mimi nikamfuata mkuu wa wodi. Mke wangu Khairunnisa, Mungu amrehemu, alitundikiwa humuhumu, na nyumbani tukamjazia watu mpaka mlangoni, hakuna aliyetuambia kwamba wageni ni hatari. Nikamuuliza bosi mara mbili. Akatazama simu, akajifungia ofisini. Nimekaa hapa nje. Akitoka namuuliza tena: mbona watu hamwaelezi haya siku ya kwanza?