Mkasi Upande Huu, Wembe Upande Ule

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla bosi wake Oduori hajafika, Nasambu alifuta vumbi la malori kwenye kioo cha kompyuta kwa kipande cha kitenge, akabandika chai, kisha akakaa kukata matanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya studio. Watu wa Busia huzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumatatu familia zinaleta video zao zikatwe: hotuba zifupishwe, mlevi aliyeanguka kwenye hema atolewe, wimbo uwekwe pale jenereta ilipozimika. Wazee bado wanaiita kaseti, ingawa siku hizi yote yanaingia kwenye flashi ndogo kuliko kidole.

Nasambu aliishia darasa la nane. Kazi aliijua kwa kuangalia. Miezi saba alisimama nyuma ya kiti cha Oduori bila kugusa kitu, mpaka siku moja Oduori alitoka kwenda kula, akarudi akakuta harusi nzima imekatwa na kumalizwa.

Programu yao iliitwa Mkasi. Ng'ambo ya barabara ya mpakani, kwa Obuya, walitumia Wembe. Oduori na Obuya walikuwa wameanza pamoja kwenye kibanda kimoja, wakagombana, na sasa hata salamu hawakupeana. Oduori alisema Mkasi ni wa watu waungwana na Wembe ni wa vinyozi. Obuya alisema mkasi ni wa kukata mbuzi kwato. Lakini zile programu zenyewe ziliombana vitu kama wake wa majirani wanaoombana chumvi huku mabwana wamenuniana. Wembe ulipopata maneno yanayojiandika chini ya picha, siku nne hazikuisha Mkasi ukawa nayo. Mkasi ulipoanza kulainisha nyuso, ng'ambo nao wakalainisha.

Mwanzoni vitu hivyo viliingia na bando, asilimia kwa asilimia. Baadaye viliingia hata mtandao ukiwa umekatika. Alasiri moja Nasambu aliona kitufe kikitoka kwenye dirisha la Obuya. Kilishuka, kikavuka barabara kati ya trela mbili za simiti, kikapanda ngazi. Kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha soda. Nasambu alikipisha mlangoni, akaendelea kumenya viazi.

"Tumepata nini leo?" Oduori aliuliza.

"Kupunguza mwendo."

"Umeona? Wale watu ni wezi."

"Si hiki ni chao, boss?"

"Wewe kata matanga."

Mwezi wa nne, Mkasi ulipata kitufe cha Ondoa. Unamzungushia mtu mstari, unabonyeza, hayupo. Wa kwanza kuondolewa alikuwa mbwa wa Mzee Olinga wa Sigalame, aliyekatiza mbele ya padri mara tatu. Mzee Olinga alipokuja kuchukua flashi yake alisema mbwa haonekani tena nyumbani, ila chakula chake kinaisha na jioni anabweka.

"Sauti ina mstari wake mbali na picha, mzee," Nasambu alieleza. "Hiyo sikuigusa."

"Wacha ikae," Mzee Olinga alisema. "Sasa wezi hawajui wampige mawe wapi."

Baada ya siku tatu Wembe ukawa na Ondoa, tena yao iliongezewa. Pengo lilijazwa. Mtu akitoka, mahali pake paliota nyasi, au kichaka, au mgomba. Mkasi ukachukua hiyo pia.

Ndipo akaja Mukhwana kutoka Butula. Alikuwa amemzika kaka yake Oundo Jumamosi. Alikuwa bado amevaa koti la mazishi, na mfukoni alikuwa na njugu, akamwekea Nasambu kiganja kimoja juu ya meza.

"Dada, ni kazi ndogo. Huyu mama hapa, mtoe."

Nasambu aliangalia. Mama aliyeonyeshwa alikuwa ameketi kichwani pa jeneza, khanga begani, msichana wa miaka tisa mapajani mwake.

"Huyu si ndiye mjane?"

"Ni mtu wa samaki tu, wa Osieko. Alikuja akakaa."

Kule kwao kila mtu anajua kwamba anayeketi kichwani pa jeneza ndiye mwenye boma, na kwamba wazee wa ukoo wakikaa kugawa, kwanza wanaitisha kaseti. Wazee wangekaa Jumamosi hiyo. Nasambu alirudisha njugu, moja baada ya nyingine, mpaka meza ikawa tupu.

"Boss, mimi hii siwezi."

Oduori alikuna shingo. "Mambo ya Butula mimi siyajui," alisema. "Mzee, msichana amekataa."

"Si ng'ambo wapo," Mukhwana alisema. Akachomoa flashi yake, akavuka barabara.

Nasambu hakuwa na wasiwasi. Matanga yote ya Oundo yalikuwa yamebaki ndani ya Mkasi, saa tano nzima bila kukatwa. Alimtafuta mjane kwa simu. Aliitwa Gaudencia.

"Mama, kaa na amani," alimwambia. "Wewe uko kwangu. Huku na kule hatupeani kitu."

Alikuwa amekiona kile kitufe kikivuka barabara kwa macho yake mwenyewe. Lakini ule ugomvi wa Oduori na Obuya alikuwa ameusikia kila siku miaka miwili, na sikio likishalishwa hivyo linalishinda jicho.

Ijumaa asubuhi alifungua matanga ya Oundo amtengenezee Gaudencia flashi. Kichwani pa jeneza palikuwa na migomba mitatu. Ilikuwa mizuri, majani yakipepea kidogo, na yule msichana wake, Sharlyne, alikuwa ameketi juu ya shina la mmoja. Nasambu alifungua nakala ya pili, akafungua ya tatu. Migomba ilikuwa ileile. Kilio cha Gaudencia kilisikika vizuri, kikitoka kwenye majani.

Alimtengenezea flashi hivyohivyo, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Jumamosi wazee walikaa, wakaangalia. Mzee mkubwa aliisifu migomba, akauliza nani aliipanda. Gaudencia alisimama mbele yao akasema ni yeye aliyekuwa hapo, akataja mwaka alioolewa, akataja ng'ombe waliopelekwa Osieko na rangi zao. Wazee walisikiliza mpaka mwisho. Hawakumkatiza.

"Tunasikia sauti ya mwanamke," mzee mkubwa alisema. "Lakini sauti haina boma."

Boma likaenda kwa Mukhwana, pamoja na Sharlyne, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Kesho yake mgomba uliota ndani ya nyumba, upande wa kitanda cha Gaudencia. Mukhwana alitoa bati moja ili majani yapate kupita.

Hayo yote Gaudencia alimsimulia Nasambu Jumatatu, akiwa ameketi kwenye benchi la wateja. Nasambu hakumwona. Aliona benchi limebonyea na kikombe cha chai kikipanda na kushuka. Akazoea. Kila Jumatatu alimwekea chai yenye sukari nyingi.

"Na mtoto?" aliuliza siku moja.

"Jioni namwita, anaitika. Anapakua sahani mbili. Mukhwana anamgombeza ati anaharibu ugali, lakini sahani zote anazikuta tupu." Gaudencia alicheka. "Mradi ananisikia, mimi sijafa."

Jumatatu ya tatu ya mwezi wa saba, Obuya alining'iniza bango jipya: TUNATOA KELELE ZOTE, MATANGA NA HARUSI. Pikipiki ya Mukhwana ilikuwa imeegeshwa chini ya bango. Nasambu alifunga mlango, akaweka komeo, akasukuma gunia la viazi chini ya mlango palipokuwa na nafasi. Kisha akachukua daftari na penseli.

"Mama, sema yale ya Sharlyne. Sema haraka."

Gaudencia alianza polepole, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mkoba.

"Mwambie maharagwe ya mbegu yako kwenye chungu, chini ya kitanda. Asipike. Kadi yake ya ubatizo iko kwa katekista. Asilale kushoto kwa mlango, panavuja." Kikombe kilipanda. "Nikimwita asiposikia, apakue tu. Sahani ikiisha ndiyo mimi. Nasambu, hii sukari leo umepunguza?"

"Imeisha, mama. Nitanunua."

Hakujibiwa. Kitufe cha kutoa kelele kilikuwa kimeingia dirishani. Kikombe kilishuka juu ya meza bila kugonga. Nasambu alingoja, kisha akakijaza tena. Alichana ile karatasi aliyoandika, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya blauzi, mbali na kompyuta. Jumamosi angepanda kwenda Butula mwenyewe.

Mlango ukagongwa. Aliondoa gunia, akafungua. Walikuwa wanaume wawili wa kutoka Malaba, mchanga wa kaburi ungali kwenye viatu. Mmoja alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye benchi.

"Hapo kuna mtu," Nasambu alisema.

"Pole, mama," yule mwanamume aliliambia benchi, akasogea mwisho kabisa. Mwenzake alibaki wima. Alikuwa ameshachomeka flashi, na kidole chake kilikuwa tayari kinatafuta kwenye kioo.

"Ni mtu mmoja tu, dada," alisema. "Wa shati jeupe."